Saa Kumi Mbele, Saa Moja Nyuma

Neno "pole" lilipigwa marufuku nyumbani kwa Shangazi siku ya tatu baada ya kutoka hospitali. Alilipiga marufuku mwenyewe, amekaa kitandani na kifua kimefungwa bendeji, mbele ya majirani saba waliokuja kumjulia hali.

"Nimekatwa titi, sijakatwa masikio," aliwaambia. "Pole nilizosikia zinanitosha mpaka mwakani. Mwenye habari nyingine aseme. Asiye nayo anywe chai."

Majirani wakatazamana, wakanywa chai.

Hakuwa shangazi wa yeyote kati yao. Jina hilo alilipata kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo iliyompasua, kwa sababu alikuwa hana simile kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo, na bado kila mwenye shida zake alimkimbilia yeye. Miaka ishirini na mbili alisimama kwenye mashuka ya wodini. Kuyatoa mashineni yamejaa maji, kuyakung'uta na mwenzake, mmoja huku na mmoja kule, kuyaanika, kuyapiga pasi, kuyakunja. Sasa mkono wake wa kulia, upande uliochanwa mpaka kwapani, ulikuwa hauvuki usawa wa kifua. Nywele alichanwa na mdogo wake. Blauzi alivalishwa na mdogo wake. Na mdogo wake huyo, mwanamke mwema kupita kiasi, alikuwa amehamia kwake na mabegi mawili ili amlee kama kitoto kichanga.

"Dada, usinyanyue hata kikombe," alikuwa akimwambia. "Utajitonesha."

Miezi minne ikapita hivyo. Halafu ikaja barua. Aliileta Msimamizi wa chumba cha kufulia mwenyewe, kwa mkono wake, amevaa viatu vizuri kama mtu anayekwenda kuposa. Alikuwa mdogo kwa Shangazi kwa miaka kumi na tano, na kazi alifundishwa na Shangazi huyohuyo, kabla hajapanda cheo na kupewa meza.

Barua ilisema bodi ya madaktari itaketi baada ya wiki kumi. Mkono ukiinuka umenyooka mpaka sikioni, arudi kazini. Usipofika, astaafishwe kwa ugonjwa.

"Mama, umeshafanya kazi ya kutosha," Msimamizi alisema kwa sauti ile ya wodini. "Mimi nikiulizwa, nitasema upumzike."

"Nikipumzika nitafanya nini?"

"Utapumzika tu, mama."

Msimamizi akaaga. Alipoondoka, Shangazi alikaa na ile barua mapajani, akaogopa. Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe asingeusema: aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kisu. Kule kazini alikuwa Shangazi. Hapa nyumbani alikuwa mgonjwa, na akibaki hapa angekuwa mgonjwa mpaka siku ya kuzikwa, hata kama angeishi miaka thelathini na kula vizuri.

Mazoezi alikuwa amepewa. Mtaalamu wa viungo wa hospitali alimfungia kamba juu ya mlango, avute kwa mkono mzima ili ule mbovu upande, mara thelathini asubuhi, mara thelathini jioni. Alivumilia siku nne. Siku ya tano akaitupa kamba chini ya kitanda. Kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, ni kama kuteka maji kwenye kisima kikavu. Mtu mwenye akili zake atafanyaje hivyo?

Jumapili moja, mdogo wake akiwa bafuni, Shangazi akachomoka. Alitaka kutembea tu, bila mtu wa kumshika kiwiko. Alipopita nyuma ya shule akamwona Fundi Saa katikati ya uwanja wa mpira. Kila mtu mtaani alimjua Fundi Saa, mzee mwembamba wa kibanda cha kona, anayetengeneza saa na kusema maneno kumi kwa siku. Leo alikuwa ameshika ufito mrefu mwembamba, na mshipi mnene wa rangi ya limau ulikuwa ukienda mbele na kurudi nyuma juu ya kichwa chake, bila haraka, unajikunja na kujikunjua hewani. Maji hayakuwapo hata ya kunawa.

"Unavua majani?" Shangazi akamuuliza.

"Samaki wako bwawani, nawaendea Jumamosi," Fundi Saa alisema. "Leo nauzoeza mkono."

Shangazi akasogea. "Unauzoeza mkono. Na hiyo inaitwaje?"

"Kuvua kwa nzi. Nzi wa bandia, manyoya na uzi juu ya ndoano. Hana uzito, kwa hiyo harushwi yeye. Unarushwa mshipi, naye anafuata." Akamwonyesha mwisho wa mshipi. Leo hapakuwa na ndoano, ila kipande cha uzi wa sufu mwekundu.

"Na mkono unapanda mpaka wapi?"

Fundi Saa akafikiri, akainua mkono. "Mpaka karibu na sikio."

"Nipe huo ufito."

Akapewa. Mkono ukapanda mpaka pale ulipozoea kugoma, ukagoma. Shangazi akauma meno, akautikisa ufito kwa hasira, na mshipi wote ukamwangukia kichwani kama tambi.

"Polepole," Fundi Saa alisema.

"Pole ya nini? Nani amekuambia habari zangu?"

"Nimesema polepole."

"Iwe moja ziwe mbili, kwangu ni ileile." Akajitoa mshipi usoni. "Sikiliza, Fundi. Huu mkono umepasuliwa. Wiki nane kutoka leo lazima ufike sikioni, la sivyo natolewa kazini. Nifundishe au unikatalie, lakini usinionee huruma."

Fundi Saa aliutazama ule mkono kutoka begani mpaka vidoleni. Ndivyo alivyo, hawezi kusema lolote kuhusu saa kabla hajaifungua.

"Huruma sina," akasema mwishowe. "Nina ufito wa pili."

Siku ile alimfundisha mambo mawili tu. Kushika ufito kidole gumba kikiwa juu, na kuanza kuunyanyua taratibu kabla ya kuongeza kasi. Alisema "taratibu", angalia, na tangu siku ile neno lile jingine hakulitamka tena mbele yake. Jumatano yake akapigiwa simu kwamba binti yake amejifungua mapacha, akafunga kibanda na kusafiri wiki tatu. Kabla ya kuondoka akamwachia Shangazi ncha ya ufito uliovunjika, ukubwa wa mwiko mrefu, imefungwa uzi wa sufu wa kujizoezea uani. Akamwachia na karatasi ya chama cha wavuvi wa bwawani.

"Kila kitu kimo humu," alisema. "Mimi sijawahi kuisoma, nilifundishwa kwa macho. Lakini katibu aliyeiandika ni msomi, ameitoa kwenye kitabu cha Wazungu wenyewe."

Karatasi ilikuwa fupi. *Jifikirie umesimama ndani ya saa ya ukutani. Mbele simama saa kumi. Nyuma simama saa moja. Kati yake usisite.*

Sasa, Shangazi si mtu wa kubahatisha. Alishusha saa ya sebuleni, akazungusha mishale mpaka saa kumi, ile saa kumi ambayo mimi na wewe tunaijua, watoto wametoka shule. Mshale mfupi ukainama kulia chini. Haya, mbele ni chini. Akazungusha mpaka saa moja. Mshale ukainama kushoto chini. Haya, na nyuma pia ni chini. Akatoka uani, akaupeleka ufito chini mbele yake karibu na goti, akaupandisha, akaupitisha juu ya utosi, akautupa nyuma mpaka uzi ukafagia sakafu, halafu akaurudisha njia ileile.

Yaani alijaribu kuupitisha juu ya utosi. Siku ya kwanza uliishia kifuani na machozi yakamtoka. Akamtukana katibu ambaye hajawahi kumwona. Kumbe uvuvi wenyewe ni huu? Wanaume wanakwenda bwawani kila Jumamosi na kurudi wanacheka, na kumbe wanazungusha mikono hivi kutwa nzima? Basi kama wale wenye vitambi wanaweza, yeye ana nini? Asubuhi akarudia. Jioni akarudia. Siku ya sita ufito ulipita usawa wa kidevu. Siku ya tisa usawa wa pua. Hakuhesabu mara ngapi. Hasira haina muda wa kuhesabu.

Mdogo wake alimfuma siku ya kumi na mbili, akashika mdomo.

"Dada, unataka kujiua?"

"Nataka kuvua."

"Kuvua nini, uani? Daktari alisema mazoezi, hakusema vituko."

"Na kamba ya mlangoni ni nini kama si kituko?"

Wakakosana. Walikosana kama ndugu wanavyokosana, kwa kukumbushana mambo ya tangu wakiwa na meno ya utoto, na mwisho mdogo mtu akalia machozi uso mzima. Alimwambia dada yake kwamba usiku anamsikia akigumia. Alimwambia kwamba mama yao aliondoka, baba yao akaondoka, na hana mtu mwingine duniani. Shangazi akalainika, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Lakini kesho yake ufito haukuonekana.

Aliutafuta jikoni, chini ya vitanda, nyuma ya mapipa. Mdogo wake alikuwa sokoni. Halafu akaona uzi mwekundu unaning'inia juu ya kabati la nguo, lile refu la chumbani, na akaelewa. Ulikuwa umewekwa pale kwa sababu pale hawezi kufika.

Akavimba kwa hasira. Akasimama mbele ya kabati, akanyoosha mkono, akaukamata uzi, akavuta, ufito ukamwangukia begani. Akauokota. Akageuka kwenda uani, na alipofika mlangoni ndipo akili ikamrudia, akasimama. Ni mkono upi uliofika juu ya kabati?

Akautazama. Ulikuwa wa kulia.

Alirudi, akaurusha ufito juu ya kabati, akaushusha tena. Akaurusha, akaushusha. Mdogo wake aliporudi na kikapu akamkuta dada mtu anacheka peke yake mbele ya kabati kama mwendawazimu. Aliweka kikapu chini, akaketi juu ya kitanda, akamtazama akifanya mara nyingine tatu.

Fundi Saa alirejea Jumapili iliyofuata, zimebaki wiki tano. Shangazi alikuwa amemngoja uwanjani. "Kaa hapo uone," akamwambia, akachukua ufito mzima, mrefu, wenye mshipi wa limau, akaupeleka chini mbele, akaupitisha juu, akaubwaga nyuma mpaka ncha ikachimba nyasi, akaurudisha mbele ukachapa ardhi. Vumbi likatimka.

Mzee wa maneno kumi kwa siku alicheka mpaka akapiga magoti.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Karatasi yako."

Akaisoma kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. Halafu akavua saa yake ya mkononi na kumsogezea. "Hii namba kumi, hapa juu kushoto. Mshale mfupi ukifika hapa, ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na hapa kwenye moja?"

"Saa saba."

"Katibu amenakili namba za Wazungu, hakuzigeuza ziwe saa zetu. Mbele ni saa nne. Nyuma ni saa saba, unapita utosi kidogo tu na kusimama. Mwendo wote ni huu hapa." Akaonyesha kwa mkono. Ulikuwa mwendo mdogo, wa mtu anayepokea simu.

Shangazi akahesabu kwa vidole. Wiki tatu. Machozi yote yale, kugumia kote kule, kugombana na ndugu wa tumbo moja, kumbe ilitakiwa kupokea simu. Hasira ikampanda, akafungua mdomo ammalize huyu mzee na katibu wake. Halafu akaufunga.

"Ningefuata saa sahihi," alisema, "huu mkono ungefika wapi?"

Fundi Saa akafikiri. "Usingefika. Ungejifunza kurusha vizuri na kiwiko kimebanwa ubavuni."

"Basi asubuhi nitafuata saa za katibu, na jioni saa zako."

"Za katibu ni makosa, mama."

"Najua ni makosa. Ni makosa yangu sasa, usiyaguse."

Hivyo ndivyo alivyofanya, na hakuna aliyemtoa hapo. Asubuhi alizungusha mkono uani, chini mpaka juu mpaka chini, mdogo wake akiwa kibarazani na kikombe cha chai. Jioni alikwenda uwanjani kusimamisha ufito saa saba na saa nne, na hapo akakuta kazi nyingine, ngumu kuliko maumivu. Kazi ya kungoja.

Maana mkono ukisimama, mshipi hausimami. Unaendelea kwenda nyuma peke yake, umekunjwa kama herufi U iliyolala, unajifungua, na ni lazima uuache umalize kunyooka kabla hujaurudisha mbele. Shangazi hakuuacha. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amekung'uta mashuka kwa kuyapiga na hapohapo kuyavuta, afanye haraka, maana lingine linangoja. Akafanya vilevile na mshipi. Ukalia mfano wa mjeledi, na kipande cha sufu kikakatika.

"Umeshautuma," Fundi Saa akamwambia. "Kwa nini unaufuata? Uache ufike."

"Nitajuaje kama umefika?"

"Utauhisi. Utakuvuta kidogo."

Vipande kumi na kimoja vya sufu vilikatika kabla hajauhisi. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya bodi. Alinyanyua, akasimama saa saba, akajizuia, akajizuia zaidi, mpaka akaona hapana, nimechelewa, na papo hapo kitu chepesi kikamvuta kiganja kwa nyuma. Akaenda mbele, akasimama. Mshipi ukapita juu ya kichwa chake, ukajikunjua wote mpaka mwisho, ukalala kwenye nyasi umenyooka, na ile sufu nyekundu ikatua mwisho kabisa, bila kishindo.

"Ndiyo," Fundi Saa alisema.

Shangazi alilia. Hakujificha wala hakujifuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kisu mwili wake kumtii, na furaha yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilimtia woga.

Siku ya bodi walikuwepo madaktari watatu nyuma ya meza, na Msimamizi pembeni na faili. Mwenyekiti wa bodi, mwanamke mwenye mvi, akamwambia ainue mkono umenyooka. Shangazi akauinua. Ulipita bega, ukapita shavu, ukagusa sikio. Pale mwishoni uliuma kama jino.

"Unauma?" mwenyekiti akauliza.

"Unauma."

Msimamizi akainama mbele. "Ndicho ninachosema, daktari. Sikio limeguswa, sawa, lakini shuka lililojaa maji si sikio. Ataumia, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Tumwonee huruma, jamani."

"Nimeulizwa kama unauma," Shangazi alisema, "sijaulizwa kama unafanya kazi. Shukeni chini mwangalie. Na shuka upande wa pili ashike Msimamizi, maana yeye mkono wake ni mzima."

Daktari mmoja akatazama saa. Mwenyekiti akasimama.

Chumbani kwa kufulia mashine zilinguruma na wafuaji wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Shangazi akachomoa shuka la wodini kutoka kwenye toroli, zito la maji, akampa Msimamizi pembe mbili, akashika mbili, wakarudi nyuma mpaka likanyooka. Msimamizi akaanza kuvuta na kupiga harakaharaka, kama alivyofundishwa zamani, na aliyemfundisha tunamjua. Shangazi akamwacha achoke. Halafu akainua mikono yote miwili mpaka juu ya masikio, akashusha mara moja, akasimama. Hakuvuta. Wimbi likatoka mikononi mwake, likakimbia urefu wote wa shuka bila haraka, maji yakiruka pande zote, likafika upande wa pili, na pembe mbili zikamponyoka Msimamizi vidoleni. Shuka likaanguka sakafuni.

Wafuaji wakaangua kicheko. Msimamizi alisimama amelowa mpaka kwenye nyusi, na viatu vyake vile vizuri vimejaa maji.

"Mimi nimeona," mwenyekiti alisema. Akaandika kwa kuegemeza faili kwenye mashine: arudi kazini, atazamwe tena baada ya miezi sita. "Lakini ukizidiwa, mama, sema."

"Nikizidiwa mtaniona nimeanguka. Kabla ya hapo msiniulize."

Madaktari wakapanda ngazi. Msimamizi aliokota shuka, akalikunjakunja kifuani, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilitaka upumzike," alisema. "Wallahi sikuwa na nia mbaya."

"Najua hukuwa nayo. Ndiyo maana nilikuogopa."

Mkono ulikuwa unamuuma hasa sasa, kutoka kwapani mpaka kwenye vidole, na alijua utamuuma leo na kesho. Akanyoosha mkono huohuo.

"Lete hilo shuka, limeshachafuka, linarudi mashineni," alisema. "Na uniandike zamu ya asubuhi."